Mteja Si Mali ya Dalali: Somo kwa Vyama Vinavyonunua na Kupangisha Ardhi



Huenda msomaji akauliza: jarida la ushirika lina haja gani na madalali wa nyumba na viwanja? Tumezoea kusoma humu habari za mizani, stakabadhi, akiba na mikopo. Jibu ni kwamba siku hizi ni vyama vichache visivyogusa ardhi. Vyama vya akiba na mikopo hununua mashamba pembezoni mwa miji ili kuwagawia wanachama viwanja. Vyama vya mazao hupangisha maghala yaliyobaki tupu baada ya msimu. Kwa vyama vya nyumba, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na palipo na ardhi ya kuuzwa au kupangishwa, pana dalali.

Katika ukaguzi swali hili hunijia mara kwa mara: madalali wawili wanadai ujira wa shamba moja, je, chama kimlipe nani? Aghalabu swali huletwa fedha zikiwa zimekwisha kutoka, na hapo mkaguzi hana la kufanya ila kuandika hoja. Ni afadhali tujifunze mapema.

DALALI NI NANI

Neno dalali ni la zamani katika Kiswahili, nalo lina maana mbili. Yuko dalali wa mnada anayenadi mali hadharani, na dalali wa mahakama ni wa jamii hiyo. Yuko pia dalali anayemkutanisha mwenye kitu na mwenye kukitaka. Huyu wa pili ndiye tunayemzungumza hapa. Wako watu wanaomwita kupe. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayejua kwamba mzee fulani anataka kuuza ekari tano, kwamba mpaka wa shamba lake unapita kwenye mwembe na si kwenye mtaro, na kwamba watoto wake wakubwa wameridhia, mtu huyo ana ujuzi wenye thamani. Bila yeye, bodi ya chama ingezunguka miezi mitatu na kurudi na vumbi tu viatuni.

Taabu imo katika aina ya bidhaa aliyonayo. Muuza maharage akiyaonyesha maharage yake, mnunuzi hawezi kuondoka nayo bila kulipa. Bidhaa ya dalali ni habari. Akishaionyesha nyumba, habari imekwisha kumtoka, wala hawezi kuirudisha mfukoni. Ametumia nauli yake, amepoteza siku yake, na mnunuzi sasa anaujua mlango. Hana mshahara. Katika miji yetu desturi ni mpangaji kumlipa dalali kodi ya mwezi mmoja pale tu chumba kinapopatikana. Kwa mauzo hutajwa asilimia fulani ya bei, nayo hulipwa biashara ikikamilika. Akionyesha nyumba kumi na zisichukuliwe, amefanya kazi ya bure mara kumi.

Tukilielewa jambo hili, tutaelewa mambo mengi ambayo vinginevyo huonekana kuwa hila tupu. Ndiyo sababu dalali hutoza ada ya kuonyesha nyumba. Ndiyo sababu huificha namba ya simu ya mwenye nyumba, na hukaa katikati ya wawili hao kama ukuta, asipende wasalimiane kwa kirefu. Anaogopa kurukwa. Lakini ukuta huo huo anaoujengea ujira wake ndio unaomzuia mnunuzi asiijue bei ya kweli wala historia ya ardhi. Kwa hiyo hofu ya dalali, ambayo ina msingi, huzaa madhara kwa mtu ambaye hakumkosea lolote.

NAMNA WATEJA WANAVYONYANG'ANYWA

Kuna kunyang'anyana kwa madalali wenyewe. Dalali mmoja amemleta mpangaji hadi langoni. Mwenzake aliyekaa kwenye kigenge cha jirani humfuata mpangaji yule njiani na kumnong'oneza: kesho njoo kwangu moja kwa moja, nitakupunguzia. Au humwendea mwenye nyumba na kumwambia kwamba dalali aliyemtegemea ameacha kazi hiyo, au kwamba hana wateja wa maana. Hapo ana makosa mawili, kuvunja heshima ya kazi na kusema uongo, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kuna kumruka dalali. Hapa wanyang'anyi ni mnunuzi na muuzaji. Wamekwisha kutambulishwa, wanabadilishana namba za simu, wanasubiri wiki mbili, kisha wanakamilisha biashara wakiwa wawili peke yao ili asilimia ile ibaki mifukoni mwao. Vyama vya ushirika navyo hufanya hivyo, na bodi hujisifu mbele ya mkutano mkuu kwamba imeokoa fedha za wanachama.

Na kuna kile kinachoitwa cha juu, ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa wizi wa mteja. Mwenye shamba amesema anataka kiasi fulani, dalali anamtajia mnunuzi kiasi kikubwa zaidi na tofauti inakuwa yake. Tufanye hesabu. Tuseme mwenye shamba anataka shilingi 6,000,000 kwa ekari, na chama kinahitaji ekari 20. Bei ni shilingi 120,000,000. Ujira wa asilimia 5 ungekuwa shilingi 6,000,000, na hakuna ambaye angeuonea wivu. Lakini dalali anataja shilingi 7,500,000 kwa ekari. Chama kinalipa 150,000,000. Shilingi 30,000,000 zimeondoka, na kama wanachama waliochanga ni 150, kila mmoja amelipa shilingi 200,000 bila kujua amemlipa nani wala kwa kazi gani. Tena huenda juu ya hizo dalali akadai asilimia yake, naye ataihesabu juu ya 150,000,000.

Cha juu hustawi pale madalali wanapofuatana kama mnyororo. Wa kwanza anamjua mwenye shamba, wa pili anamjua wa kwanza, wa tatu anaujua uhitaji wa chama. Kila mmoja huongeza chake, na hakuna awezaye kujibu swali dogo: umetumwa na nani? Yeyote aliyepita mitaa ya Dar es Salaam ameyaona maneno yaliyoandikwa kwa rangi ukutani, "Nyumba hii haiuzwi". Mwenye nyumba halazimiki kuharibu rangi ya ukuta wake kama haogopi kwamba mtu ambaye hakumtuma ataiuza.

Neno letu "mteja" nalo lachangia mkanganyiko huu. Dalali humwita mnunuzi mteja wake, na papo hapo humwita mwenye nyumba mteja wake. Kwa sheria na kwa akili ya kawaida, mteja ni yule aliyemtuma na ambaye maslahi yake anapaswa kuyatetea. Mwenye nyumba anataka bei ipande. Mnunuzi anataka ishuke. Mtu mmoja hawezi kuwatetea wote wawili kwa siri. Anaweza kuwakutanisha kwa uwazi, kila mmoja akijua nani anamlipa na kiasi gani. Hilo halina ubaya. Basi kabla ya kulalamika kwamba mteja ameibiwa, ulizeni kwanza alikuwa mteja wa nani.

CHAMA KIMOJA NA MADALALI WAWILI

Nilikagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa kimenunua shamba kwa ajili ya viwanja vya wanachama. Dalali wa kwanza alikuwa mzee mkazi wa kijiji kile. Alitembea na wajumbe wa bodi kuzunguka mipaka yote, akawatambulisha kwa ndugu wa ukoo wenye shamba, akawaonyesha mahali jirani alipopanda minazi ndani ya mpaka na ambapo pangehitaji mazungumzo. Wakakubaliana kwa mdomo asilimia 5. Hakuna aliyeandika kitu. Muhtasari wa kikao ulisema tu kwamba "bodi ilitembelea shamba na kuridhika nalo."

Baada ya wiki chache akatokea dalali wa pili, kijana wa mjini. Hakuwa amelitafuta shamba, alilisikia. Alimwendea katibu na kumweleza kwamba yeye angelipata kwa bei nafuu zaidi, na kwamba katibu naye asingeachwa hivi hivi. Kwa wenye shamba alisema chama kimeachana na yule mzee. Biashara ikafanyika kwa mkono wake. Katika hati za malipo nilikuta fungu lililoandikwa "usafiri na takrima" lisilo na risiti hata moja. Bei iliyolipwa ilikuwa chini ya ile aliyoitaja mzee, hiyo ni kweli, na bodi iliikazania sana hoja hiyo. Lakini wenye shamba walipohojiwa walitaja kiasi walichopokea, nacho kilikuwa chini zaidi. Tofauti ilibaki njiani.

Haikuishia hapo. Kijana hakuijua habari ya minazi. Vipande vilipopimwa, jirani aliweka pingamizi, na viwanja vya upande ule havikuweza kugawiwa. Shauri likaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wanachama waliopangiwa viwanja hivyo, na baadhi yao walikuwa wamemaliza kuchangia kabla ya wenzao wote, wakabaki na namba za kiwanja zilizoandikwa kwenye karatasi.

Mzee alikuja kwenye mkutano mkuu. Hakupiga kelele. Alisema kwamba kama angaliulizwa angaliupunguza ujira wake, na kwamba habari ya minazi angaliieleza bure. Mkutano uliamua alipwe nusu ya kiasi walichoahidiana naye. Wako wanachama waliopinga, wakisema chama hakiwezi kulipa mara mbili kwa kazi moja. Maneno yao yalikuwa na uzito, ila waliyaelekeza kwa mtu asiyehusika.

Naomba wasomaji waangalie jambo moja katika habari hii. Tumezoea kusema kwamba dalali anaponyang'anywa mteja, aliyeumia ni dalali. Hapa mzee aliumia kwa asilimia chache. Chama kiliumia kwa cha juu, kwa fedha za takrima, na kwa viwanja. Aliyenyang'anya mteja alilazimika kwanza kumdanganya mteja mwenyewe, na kisha kumnunua mtumishi wake.

SHERIA INASEMAJE

Kwa Tanzania, kazi ya uwakala imo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo chimbuko lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Makubaliano ya mdomo na dalali nayo yaweza kuwa mkataba. Shida ni kuyathibitisha. Sheria hiyo inataka wakala amtumikie aliyemtuma kwa uaminifu na kwa kutoa hesabu. Wakala akijifanyia biashara mwenyewe ndani ya kazi aliyotumwa, bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma anaweza kuidai faida ile. Na wakala aliyetenda kwa utovu wa uaminifu hana haki ya ujira kwa kazi ile aliyoitenda hivyo. Kwa hiyo kama dalali ametumwa na chama, cha juu anachokificha si jasho lake. Chama kina haki ya kukidai. Ama fedha anazopewa katibu ili amwache dalali mmoja na kumchukua mwingine, jina lake ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haitambui jina la takrima kama kinga.

Kenya ilitunga sheria maalumu ya mawakala wa nyumba na ardhi mwaka 1984, ikaunda bodi ya kuwasajili na kumkataza asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Uingereza ina sheria yake ya mwaka 1979, inayomtaka wakala amweleze mteja malipo yake kabla mteja hajajifunga, na aseme wazi kama yeye mwenyewe ana maslahi katika nyumba hiyo. Kanuni zilizofuata mwaka 1991 ziliweka hata maneno ya kumfafanulia mteja tofauti kati ya kumpa wakala mmoja kazi peke yake na kumpa haki ya kulipwa hata kama mwenye nyumba atajiuzia mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwenye nyumba asiyeielewa anaweza kujikuta analipa ujira mara mbili.

Juu ya swali letu la nani alipwe, majaji wa Uingereza walikwisha kulitafakari zamani. Katika shauri la Millar, Son & Co. dhidi ya Radford la mwaka 1903, mawakala walikuwa wamemleta mpangaji, wakalipwa ujira wa kupangisha. Baada ya miezi kama kumi na tano mpangaji yule akainunua nyumba. Mawakala wakadai ujira wa mauzo, kwa kuwa wao ndio waliomleta. Walishindwa. Mahakama ilisema haitoshi kwamba bila wewe watu hawa wasingejuana. Yakupasa uwe wewe uliyesababisha mauzo yenyewe. Kipimo hiki chafaa sana. Dalali aliyemtaja tu mwenye shamba katika mazungumzo ya barazani hawezi kudai sawa na aliyezunguka mipaka na kuwakalisha watu pamoja. Lakini kipimo hicho hicho kinamlinda mzee wetu wa minazi: anayeingia dakika ya mwisho na kutia saini hawi msababishaji kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Shauri jingine ni la Luxor (Eastbourne) Ltd. dhidi ya Cooper, lililoamuliwa na Baraza la Malodi. Wakala aliahidiwa pauni 10,000 akileta mnunuzi wa majumba mawili ya sinema kwa bei isiyopungua pauni 185,000. Alimleta mnunuzi, wenye majumba hawakumwuzia. Wakala hakupata kitu, kwa kuwa ahadi ilikuwa ya mauzo kukamilika. Jaji mmoja alitamka kwamba pauni 10,000 ni sawa na malipo ya mwaka mzima ya Lodi Chansela, na kwamba kwa kazi ya siku nane au tisa tuzo kama hiyo yastahili kubahatishiwa. Madalali wasomapo habari hii huona ni ukatili. Mimi naona ni onyo kwao kwamba kama wanataka kulipwa kwa kazi ya kutafuta, na si kwa mauzo, waseme hivyo mapema na yaandikwe.

KANUNI ZA WAMAREKANI

Nchini Marekani mawakala walijifunga wenyewe kwa wenyewe. Chama chao, National Association of Realtors, kilianzia Chicago mwaka 1908 na kupitisha kanuni za maadili mwaka 1913. Kifungu cha 16 cha kanuni zao ndicho kinachohusu wateja wa wenzao, na kimeandikwa kwa busara kuliko wengi wanavyodhani. Wakala hakatazwi kutangaza biashara yake kwa mtaa mzima, hata kama baadhi ya wakazi wake wana mawakala wao. Anachokatazwa ni kumlenga mtu kwa sababu amejua kwamba nyumba yake imo mikononi mwa mwenzake kwa mkataba wa pekee. Akitaka kujua mkataba huo unakwisha lini, amwulize wakala mwenzake; mwenzake akikataa kusema, anaruhusiwa kumwuliza mwenye nyumba. Na mwenye nyumba akija mwenyewe bila kushawishiwa, wakala anaweza kuzungumza naye juu ya mkataba wa siku zijazo.

Ona kwamba mlango wa mteja haukufungwa. Anaweza kuondoka muda wake ukiisha, na anaweza kuuliza kwingine. Kilichofungwa ni mkono wa mwenye kumvizia.

Mawakala hao wana pia desturi ambayo mwanaushirika ataipenda: ingawa ni washindani, huziandika nyumba zinazouzwa katika daftari la pamoja, ili wakala yeyote mwenye mnunuzi aweze kumleta, na ujira ugawanywe. Kwa njia hiyo habari haifichwi, na aliyeitoa halali njaa. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ndiyo dawa yenyewe. Lakini baadhi ya wauzaji wa nyumba wa Missouri walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba kanuni za daftari hilo zinamlazimu muuzaji kubeba ujira wa wakala wa mnunuzi pia, na kwamba zinazuia malipo kushuka. Tarehe 31 Oktoba 2023 wazee wa baraza katika mji wa Kansas City waliwapa haki, na fidia ikatajwa kuwa karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama cha mawakala kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni. Tangu tarehe 17 Agosti 2024 ahadi za ujira wa wakala wa mnunuzi haziandikwi tena katika daftari, na wakala hana budi kutiliana saini na mnunuzi, malipo yakitajwa, kabla ya kumtembeza kwenye nyumba.

Madalali wetu wanaotaka kuunda chama chao, na wangefanya vyema kukiandikisha kama chama cha ushirika, wasiipite habari hii haraka. Maadili ya kutonyang'anyana yanaweza kugeuka kuwa mapatano ya kumgawana mteja. Njia ya kuyatambua ni kuuliza kama mteja mwenyewe ameonyeshwa kanuni hizo, na kama akizisoma ataona zinamsaidia.

MKATABA WA CHAMA NA DALALI

Sasa tushuke kwa katibu na meza yake. Kabla ya mjumbe yeyote hajaonyeshwa shamba, bodi ikae na iamue inamtuma nani, na uamuzi uingie kwenye muhtasari kwa jina. Karatasi moja yatosha. Itaje kazi aliyotumwa, ujira wake kwa asilimia au kwa kiasi, na lini unalipwa. Iseme kwamba halipokei lolote upande wa pili ila kwa maandishi na kwa kujulikana na chama, na kwamba bei itathibitishwa na mwenye ardhi mwenyewe mbele ya wajumbe wasiopungua wawili. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachokiua cha juu. Dalali anayekikataa amekwisha kujieleza.

Muda ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mpeni dalali miezi miwili au mitatu ya kuwa peke yake; katika muda huo chama kisimsikilize mwingine juu ya shamba lile, hata akija na bei tamu. Akija, katibu amwelekeze kwa dalali wa kwanza na aandike kwamba alikuja. Muda ukiisha bila mafanikio, chama kiko huru. Lakini itengenezwe orodha ya wenye ardhi ambao dalali aliwatambulisha, iwe na tarehe na saini, na ikubaliwe kwamba chama kikinunua kwa mmoja wao ndani ya miezi sita baadaye, dalali atalipwa. Orodha hiyo inamwondolea hofu ya kurukwa, na dalali asiye na hofu hana sababu ya kumficha mwenye shamba. Nimeona bodi zikibisha kwa kudhani kwamba orodha ni mtego. Ni kinyume chake: anayedai ujira na hayumo katika orodha hana la kudai.

Ardhi ikiwa ya kijiji, dalali hawezi kuwa badala ya vikao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Dalali anayesema kwamba "mwenyekiti ni mtu wangu" amesema jambo la kumwogopesha mnunuzi, si la kumtuliza.

Malipo yafanywe kwa hundi au kwa benki, kwa jina lililo katika mkataba, na risiti iambatanishwe. Neno "takrima" lisionekane katika hati ya malipo ya ardhi.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni somo hili katika kikao cha bodi au cha wanachama, kisha mjadili haya kwa kutazama vitabu vya chama chenu wenyewe.

Katika ununuzi au upangishaji wa mwisho wa chama chenu, dalali alitumwa na nani: chama, mwenye ardhi, au hakutumwa na yeyote? Ni maandishi gani yanayoonyesha hivyo?

Mwenye ardhi alipokea kiasi gani hasa, na nani miongoni mwa wajumbe alikisikia kiasi hicho kutoka kinywani mwake?

Chama jirani kinawaendea wanachama wenu na kuwaahidi mikopo mikubwa zaidi ili wahame. Uanachama wetu ni wa hiari, na hakuna awezaye kumfungia mwanachama mlango. Je, chama hicho kinafanya kosa? Na kama kikiwaeleza wanachama wenu ukweli mtupu juu ya riba yake na riba yenu, jibu lenu ni lile lile?

Mkutano mkuu wa chama tulichokisimulia ulimlipa mzee nusu. Kwa kipimo cha shauri la mwaka 1903, mngemlipa kiasi gani, na fedha hizo mngezidai kwa nani?